Lile uliloliona si kifaru: jibu kwa fundi wa Nyendo

Fundi mmoja wa kuchomelea, mkazi wa Nyendo hapo Masaka, ameniandikia hivi:

"Mzee, salamu. Juzi kwenye njia ya Mbarara lilipita trela limebeba gari la jeshi la minyororo, fupi, lenye mzinga mwembamba kama bomba la maji na milango miwili nyuma. Nikasema ni kifaru. Kaka yangu aliyekuwa jeshini akanicheka, akasema ni BMP-2, na kwamba chuma cha ubavuni hakizidi unene wa kidole gumba. Sasa nauliza: kwa nini jeshi lolote linunue gari la namna hiyo badala ya kifaru kamili? Mbona wasiongeze mabati? Mimi na vijana wangu tungemaliza kazi hiyo kwa siku tatu. Halafu kaka anasema kwenye vita vya wenzetu askari hupanda juu ya paa, ndani wanapaacha. Kama gari ni la kujikinga, aliyeko paani anajikinga na nini? Na kama lina minyororo yake, kwa nini lilibebwa?"

Mwanangu, umeuliza vizuri. Nimeshika spana kwenye magari ya minyororo miaka mingi kabla ya kustaafu, na maswali yako ni yaleyale tuliyokuwa tukibishana karakana nzima. Nitayajibu, ila si kwa mpangilio uliouliza.

Kaka yako amesema kweli, ingawa nawe hukukosea sana. Hapa kwetu gari lolote la jeshi lenye chuma kinene tunaliita mamba, na lolote lenye minyororo na mzinga tunaliita kifaru. Mamba halisi ni gari la magurudumu lililobuniwa Afrika Kusini, na kazi yake ni kubeba watu tu. Kifaru kazi yake ni mzinga, na abiria hana mahali ndani yake. Uliloliona limekaa katikati ya hao wawili. Mwaka 1990, Novemba, nchi za Ulaya na Marekani zilipotia saini mkataba wa kupunguza silaha jijini Paris, zilibidi zipige mstari kati ya aina hizi, maana kila nchi ilikuwa inahesabiwa magari yake. Wakaandika kwamba kifaru ni gari la tani zisizopungua 16.5 lenye mzinga wa milimita 75 kwenda juu. Gari la kupigania la askari wa miguu wakalieleza kuwa ni gari la deraya linalobeba kikosi kidogo cha askari, lenye mzinga wa milimita 20 au zaidi. BMP-2 ina tani 14.3 na mzinga wa milimita 30. Kwa hiyo hata wanasheria wako upande wa kaka yako.

Watu wengi wakitaka kulipima gari la aina hii wanaanza na mzinga, kwa kuwa ndio unaoonekana kwenye gwaride. Mimi huanza na mlango wa nyuma. Ukishaelewa watu wanaingiaje, wanakaaje na wanatokaje, mengine yote utayaelewa bila kufundishwa sana.

Basi fungua mlango wa nyuma wa BMP-2. Gari lina watu kumi: dereva, mpiga mzinga na kamanda, halafu askari saba. Mmoja wa hao saba anakaa nyuma ya dereva. Sita waliobaki wanakaa nyuma, watatu kila upande, wamepeana migongo. Kila mmoja anatazama ukuta wa chuma, magoti yanaugusa. Wewe unajua taksi ya watu 14 inavyobana. Sasa chukua safu mbili za viti vyake, zishushie paa mpaka mtu mrefu ainamishe shingo, kisha kila abiria umvike kofia ya chuma, fulana ya kuzuia risasi, bunduki na mkoba wa risasi. Na lile wanaloliegemea, lililo katikati ya migongo yao, ni tangi la dizeli. Milango yenyewe ni mizito kwa sababu nayo ina uwazi ndani, na uwazi huo ni matangi ya dizeli pia. Wahudumu wenye uzoefu hutumia kwanza mafuta ya milangoni ili yawe yameisha kabla ya kukaribia mapigano.

Siku moja ya kiangazi tulikuwa tunawazoeza vijana wapya kutoka garini. Nilisimama nje na saa mkononi. Wawili wa kwanza walitoka vizuri. Wa tatu kamba ya mkoba wake ikanasa kwenye kitasa. Akavuta, haikutoka. Wa nyuma yake akamgonga, wa nyuma zaidi akaanza kupiga kelele ndani ya giza lile, na jasho lilikuwa linamtiririka yule kijana mpaka machoni. Nikasogea, nikamshika bega, nikaikata kamba kwa kisu. Ilikwishapita karibu nusu dakika, na siku hiyo hapakuwa na mtu anayetupiga risasi. Tangu siku ile nikiona picha ya gari jipya kutoka kiwanda chochote duniani, macho yangu yanakwenda nyuma kwanza.

Waliolibuni hawakuwa wajinga wala wakatili. Walikuwa na vita vyao kichwani. Wasovieti walianza kulitumia BMP-1, lililolitangulia hili, mwaka 1966, wakati kila jeshi la Ulaya lilikuwa linajiandaa kwa vita vya nyuklia. Walitaka askari wa miguu waende sambamba na vifaru, wavuke eneo lenye sumu na mionzi bila kufungua mlango, na wapige risasi kupitia matundu madogo ubavuni wakiwa bado wamekaa. Ndiyo sababu wanatazama nje. Gari lilitakiwa liwe fupi ili lisionekane mbali, jepesi ili lielee mitoni, na la bei ya kuwezesha kutengenezwa kwa maelfu. Kwa vita ile waliyoiwaza, hesabu zilikaa sawa. Vita vilivyokuja vikawa vingine.

Vilikuja kwanza Oktoba 1973, Misri na Syria dhidi ya Israeli. Mzinga wa BMP-1, wa milimita 73, ulirusha kombora dogo polepole na upepo uliliyumbisha. Kisha ikaja Afghanistan, Desemba 1979. Kule adui alikaa juu mlimani, na mzinga ule haukuweza kuinuliwa kiasi cha kumfikia. BMP-2, iliyoanza kutumika mwaka 1980, ndiyo iliyojibu hilo: mzinga wake wa milimita 30 unainuka hadi nyuzi 74, karibu kuelekea utosini. Kwa hiyo ule wembamba uliouona ni mafunzo yaliyolipiwa kwa maisha ya watu.

Na usiudharau. Mzinga ule unafyatua mfululizo, risasi 200 hadi 300 kwa dakika kwa mwendo wa taratibu na zaidi ya 500 kwa mwendo wa haraka. Una mikanda miwili ya risasi iliyokaa tayari kwa wakati mmoja: mmoja wa risasi ngumu za kutoboa chuma, mwingine wa risasi za kulipuka. Mpiga mzinga akiona gari la deraya anabonyeza swichi, akiona askari kwenye handaki anabonyeza nyingine. Zote pamoja ni risasi 500. Juu ya mnara, kile kichwa cha gari kinachozunguka na mzinga, kuna kombora la kupigia vifaru linaloweza kwenda kilomita nne, likiongozwa kwa waya mwembamba unaojifungua nyuma yake likiruka.

Wamarekani kwenye Bradley, gari lao la aina hiihii lililoanza kazi mwaka 1981, waliweka mzinga wa milimita 25 ambao fundi yeyote ataupenda. Ndani yake kuna mota ya umeme inayozungusha mnyororo, ndugu kabisa wa ule wa bodaboda, na mnyororo huo ndio unaovuta na kusukuma bolti, kile chuma kinachoingiza risasi. Mizinga mingine hutegemea nguvu ya risasi iliyotangulia ili kuvuta inayofuata, kwa hiyo risasi moja mbovu inaweza kusimamisha kila kitu. Huu wa mnyororo ukikutana na risasi mbovu unaitema na kuendelea.

Mzinga pekee bila macho ni bomba tu, kama ulivyosema. Kinachougeuza kuwa silaha ni mitambo ya kuutuliza na kamera. Umemwona mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani kwenye njia yenye mashimo. Miguu inapanda na kushuka, kiuno kinayumba, lakini shingo inarekebisha na maji hayamwagiki. Mtambo wa kutuliza mzinga unafanya kazi ya shingo ile. Gari linaruka matuta, mzinga unabaki umeelekea palepale. Ukiongeza kamera ya joto, inayomwona mtu gizani kwa joto la mwili wake, na darubini ya kamanda inayozunguka peke yake bila kufuata mnara, kamanda anaweza kutafuta shabaha ya pili wakati mwenzake bado anapiga ya kwanza. Hapo ndipo gari la mwaka 1980 na la leo yanapoachana zaidi. Mizinga inafanana, macho hayafanani.

Januari 2024, kwenye kijiji cha Stepove karibu na Avdiivka nchini Ukraine, Bradley mbili zilikutana uso kwa uso na kifaru cha Kirusi aina ya T-90M. Milimita 25 haiwezi kutoboa uso wa kifaru kile. Wale vijana hawakujaribu kuutoboa. Walimwagia risasi kwenye darubini na vifaa vya nje mpaka kifaru kikapoteza macho, mnara wake ukaanza kuzunguka ovyo wenyewe. Nimeutazama mkanda wa video wa tukio lile mara nyingi. Haumaanishi kwamba Bradley ni bora kuliko kifaru. Siku nyingine, mita mia tatu zaidi, risasi moja ya milimita 125 ingemaliza yote. Lakini unakuonyesha kwa nini majeshi hayaachi kununua magari haya: mzinga mdogo unaofyatua haraka una kazi ambazo mzinga mkubwa hauziwezi.

Na hapo liko jibu la swali lako la kwanza. Kifaru peke yake ni kipofu kwa yaliyo karibu. Mtu mmoja mwenye RPG, ile roketi ya begani, akijificha kwenye shamba la matoke anaweza kukisogelea kutoka ubavuni, na walio ndani wasimwone. Lazima awepo askari wa miguu wa kuingia migombani na kumtoa. Askari huyo akija kwa miguu anachelewa, akija kwa lori anauawa njiani. Anahitaji gari linalokwenda mahali kifaru kinapokwenda, linalomshusha palepale, kisha linabaki na mzinga wake kumlinda anapokimbia. Ndiyo kazi yote. Likishindwa kumshusha salama, mzinga wake hata uwe mzuri vipi, bora wangenunua kifaru kidogo.

Sasa nije kwenye mabati, maana nimeona hamu yako.

Chukua bati la chuma lenye unene wa milimita 10. Mita moja ya mraba ya bati hilo ina kilo 78 na nusu. Ubavu wa gari tuuhesabu urefu mita 6, kimo mita 1.2, pande mbili: unapata mita za mraba 14.4. Kwa milimita 10 tu umeongeza kilo 1,130, yaani zaidi ya tani moja, na bado hujagusa mbele, nyuma, paa wala tumbo. Umefaidika nini? Chuma cha ubavuni kinazuia risasi za bunduki za kawaida na vipande vya mabomu, lakini bunduki nzito ya milimita 12.7 ikiwa karibu na risasi za kutoboa inaweza kupita. Kwa tani yako moja umemzuia huyo. Ni faida, siikatai.

Lakini RPG haijali. Kichwa chake kina koni ya chuma chembamba iliyozungukwa na baruti. Kikilipuka, koni inageuka mkuki wa metali unaokwenda kwa kasi ya kutisha, na hata roketi ya zamani kabisa ya aina hiyo inatoboa zaidi ya milimita 250 za chuma. Ukitaka kuizuia kwa unene peke yake, kila mita ya mraba itakula karibu tani mbili. Zidisha kwa zile mita 14.4: tani 28. Umeongeza gari mara mbili ya gari lenyewe, kwenye injini ya nguvu-farasi 300. Halitatoka hata uwani.

Ndiyo maana wahandisi walitafuta akili badala ya unene. Kuna wavu wa vyuma unaofungwa mbali kidogo na ubavu, wenye nafasi ndogo kuliko unene wa roketi, ili pua ipite na mwili ubanwe, koni ipondeke kabla ya kulipuka. Unasaidia mara nyingine, mara nyingine hausaidii. Kuna matofali yenye baruti yanayolipuka kwenda nje na kuuvuruga ule mkuki. Haya kwa gari jepesi yana shida yake, kwa sababu mlipuko unausukuma ukuta wenyewe, na askari akiwa amesimama kando anaumia. Kuna pia rada ndogo zinazoona kombora linakuja na kulipiga hewani. Waisraeli wamezitumia vitani. Na ndani ya gari siku hizi hutandikwa kitambaa kigumu kinachozuia vipande vya chuma vinavyobanduka ukutani, maana mara nyingi kinachoua walio ndani ni vipande vya ukuta wao wenyewe.

Kuhusu kuchomelea kwenyewe, hapa nakuomba unisikilize kama fundi kwa fundi. Chuma cha deraya kimepashwa moto na kupoozwa ghafla kiwandani ili kiwe kigumu. Ukipitisha weldi ya kawaida, joto linaulegeza ugumu ule pembezoni mwa mstari, na umeacha mshipa laini pale risasi inapopenda. Hilo bado ni dogo. Unyevu uliomo kwenye elektrodi unaingiza haidrojeni ndani ya chuma, na chuma kigumu hakiivumilii. Weldi uliyoiacha jioni inang'aa, haina tundu, umeisifu mwenyewe, asubuhi unaikuta na ufa mwembamba kama unywele. Nimeuona ufa huo kwa kioo cha kukuza, pembeni kabisa ya mshono, kwenye kazi ya mtu aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Tulikata yote tukaanza upya. Wanaofanya kazi hiyo sawasawa huoka elektrodi kwenye oveni, hutumia zile za stenlesi ambazo weldi yake ni laini na inainama bila kupasuka, na hupasha chuma joto kiasi bila kuzidisha. Kwa hiyo si siku tatu.

Waliokaidi hesabu hizi walilipa kwa njia nyingine. Warusi walitengeneza BMP-2D kwa ajili ya Afghanistan, wakaongeza vyuma, na gari likapoteza uwezo wa kuelea. Bradley ilianza na tani kama 22 na pazia la turubai la kuogelea. Toleo la A2 la mwaka 1988 likaongezewa deraya, injini ikapandishwa kutoka nguvu-farasi 500 hadi 600, na kuogelea kukaisha. Leo zimepita tani 30.

Kwetu hapa suala la maji si dogo. Wewe unakaa Masaka, unaijua ile barabara kati ya Lukaya na Katonga iliyoinuliwa katikati ya mafunjo. Mei 2023 maji yalipoiharibu njia pale Katonga, magari yote yalizungushwa kupitia Kanoni na Sembabule. Na Machi 1979, Watanzania walipopambana na majeshi ya Amin na Walibya pale Lukaya, kiini cha mapigano kilikuwa barabara ileile: huku bwawa, huku bwawa, na vifaru vimejipanga kwenye kamba moja. BMP-2 inaelea. Dereva anainua bamba la mbele lisukume wimbi, anawasha pampu, anaingia, na minyororo inageuka makasia, kilomita 7 kwa saa. Ardhini uzito wake umetandazwa kiasi kwamba mgandamizo wake hauzidi sana ule wa mtu anayetembea. Kifaru cha tani 46 hakithubutu. Ila usidanganyike kwamba mafunjo ni mto. Kuingia majini ni rahisi. Kutoka ndiyo shughuli. Pua inapanda ukingo, nyuma bado inaelea, minyororo inachimba matope na mizizi inajisokota kwenye magurudumu. Dereva mzuri hukagua ukingo wa kutokea kabla hajalowesha mnyororo.

Basi kwa nini askari wapande paani? Kwa sababu ya bomu la ardhini. Tumbo la BMP ni bapa na liko sentimita arobaini na kitu tu kutoka ardhini. Bomu likilipuka chini yake, nguvu yote inapiga sakafu, sakafu inapiga viti, na hewa iliyofungiwa ndani inakuwa nyundo. Ongeza yale matangi ya dizeli. Aliyeko paani anarushwa, anavunjika mkono au mbavu, lakini mara nyingi anaishi. Anajua kwamba risasi ya mvizia inaweza kumpata kule juu. Amepima hatari mbili, akachagua ile anayoweza angalau kuiona. Warusi walifanya hivyo Afghanistan, wakafanya tena Chechnya. Mimi naiheshimu hukumu yao. Askari anapoliacha kwa hiari chumba alichotengenezewa, amekwambia kuhusu chumba hicho jambo ambalo mwenye kiwanda hatakwambia.

Linganisha na magari waliyotumia vijana wetu Mogadishu tangu walipotangulia kuingia mwezi Machi 2007. Casspir na Mamba hayana minyororo, hayana mzinga wa kutisha, na hayawezi kumfuata kifaru kwenye mapigano ya wazi. Lakini Casspir limeinuka juu, na tumbo lake limechongwa kama mtumbwi, ili nguvu ya bomu igawanyike iende pembeni badala ya kupanda. Kwa barabara zenye mabomu ya kutegwa, mtumbwi ule unashinda bapa.

Wabunifu wa sasa wamejaribu kuvipata vyote. Puma ya Wajerumani, iliyoanza kazi mwaka 2015, ndiyo ninayoiona imefikiria zaidi juu ya waliokaa nyuma. Viti havikufungwa sakafuni, kwa hiyo mlipuko hauna njia ya moja kwa moja kwenda kwenye uti wa mgongo. Mnara wa mzinga hauna mtu. Wahudumu watatu wanakaa chini pamoja, ndani ya deraya, na kuendesha mzinga kwa skrini. Minyororo na magurudumu havikushikamana moja kwa moja na bodi, ili mtikisiko na kelele visiwafikie watu. Nyuma kuna mlango mmoja mpana unaoshuka na kuwa daraja. Lakini angalia bei yake kwa uzito: tani 31.5 likiwa limevuliwa vyuma vya ziada ili liingie kwenye ndege, tani 43 likivaa vyote. Injini yake ni ya nguvu-farasi zaidi ya 1,000. Na linabeba askari sita tu, mmoja pungufu ya BMP-2. Desemba 2022, Puma 18 zilizokuwa mazoezini ziliharibika zote. Nyingi zilikuwa hitilafu ndogo, lakini gari lenye waya nyingi hivyo linataka fundi na vipuri karibu kila saa, na hilo nchi maskini lazima iliweke mezani kabla ya kutoa pesa.

Kelele nazo si anasa. Waingereza walisimamisha majaribio ya Ajax, gari lao la upelelezi la ukoo huuhuu, Novemba 2020 na tena Juni 2021, kwa sababu ya kelele na mtikisiko, na askari wakapelekwa kupimwa masikio. Mtu aliyetikiswa kwa muda wa saa tatu anashuka akiwa hasikii amri. Nimewahi kushuka hivyo mwenyewe baada ya mwendo mrefu wa majaribio: mdomo wa mwenzangu ulikuwa unatembea, sauti siipati.

Siku hizi pia kuna droni ndogo, zinazonunuliwa kwa bei ya pikipiki au chini yake, zinazoingia kutoka juu, mahali ambapo chuma ni chembamba kuliko ubavuni, au zinazousubiri ule mlango wa nyuma ufunguliwe. Medani za vita za Ukraine zimejaa magari yaliyofungiwa vizimba vya nondo juu ya paa, na wengi waliovitengeneza ni mafundi wa kuchomelea kama wewe. Hiyo kazi kweli mngeimaliza kwa siku tatu, kwa kuwa nondo haihitaji ugumu wa deraya na huichomei kwenye ukuta wenyewe. Unaifunga kwa bolti kwenye vishikio. Muhimu acha nafasi ya kutosha juu ya milango. Nimeona picha za vizimba vilivyozuia milango isifunguke mpaka mwisho.

Limebaki trela. Minyororo ya chuma inakwanyua lami, na lami inaila minyororo. Kila kiungo kimeunganishwa na kinachofuata kwa pini yenye mpira. Kila kilomita pini inasuguliwa, mpira unachoka, mnyororo unarefuka kidogo. Ukirefuka, dereva anaukaza. Ukirefuka zaidi, tunatoa kiungo kimoja. Ukifika mwisho wake, tunavua wote. Kazi hiyo ni ya watu watatu na nyundo kubwa, mmoja ameshika pini, mmoja anapiga, mmoja anaomba yule wa pili asikose. Kutoka Masaka hadi Mbarara ni mwendo ambao tairi za trela zinaumaliza bila kuuhisi, na gari la minyororo lingeulipia kwa pini, dizeli na saa za injini. Kwa hiyo anayelijali hulibeba, akalishusha pale tu kazi inapoanzia. Likipita tena, usitazame mzinga. Zunguka nyuma, angalia bawaba za ile milango, na kama ziko na grisi mpya, ujue mwenye gari hilo ana fundi anayejua kazi yake.